Mwanao Ametakiwa na Akademi: Uliza Kwanza Kama Atacheza

Kila ligi za Ramadhani zikimalizika, Mji wa Kale wa Mombasa hujaa habari za namna moja. Kocha wa akademi fulani amemwona kijana wa mtaa wa Kuze akipiga chenga, akamngojea babake nje ya msikiti baada ya Isha, akamwambia: mzee, mtoto wako ana mpira mguuni, mlete Jumamosi kwenye majaribio. Kukicha, mtaa mzima umejua. Nyanya amemwombea dua, ami yake aliyeko Maskati ameahidi njumu mpya, na rafiki zake wa barazani wameshampa jina la mchezaji wa Ulaya. Baba amekubali papo hapo. Hakuuliza lolote, kwa kuwa aliona kuuliza ni kumvunjia heshima mtu aliyemletea neema.

Namwandikia baba huyo, na mama atakayefua jezi na kungoja mtoto arudi usiku. Kutoka mpira wa mtaa kuingia timu ya kuteuliwa ni jambo jema, na watoto wetu wanalistahili. Lakini vijana wengi wa hapa niliowaona wakiacha mpira hawakuuacha kwa kukosa kipaji. Walipelekwa kwenye timu yenye jina, wakakaa benchi msimu baada ya msimu, hamu ikawaisha. Kwa hiyo kabla ya jezi, kabla ya jina la klabu, kabla ya ahadi yoyote, kipimo changu ni kimoja: huko anakokwenda, atacheza?

Tuanze na alichonacho tayari, maana wazazi wengi hawakithamini. Kichochoro cha Kuze ni chembamba. Mtu mzima akinyoosha mikono yake miwili anakaribia kugusa kuta za pande zote. Watoto wanaocheza hapo hawana nafasi ya kukimbia, basi hujifunza kuuficha mpira. Mtazame mmoja akizuiwa: anaugonga mpira ukutani kwa upande wa ndani wa mguu, anampita mwenzake upande wa pili, anaupokea ukirudi. Ukuta umempa pasi. Akipita mama na kikapu chake, wote husimama, mwenye mpira ameuwekea wayo juu. Mama akishapita, mchezo unaendelea pale pale ulipoachwa, na aliyezubaa amenyang'anywa. Makocha hulipa fedha kununua koni na vifaa vya kufundishia mambo haya haya. Mtoto wa Kuze anayapata bure kila jioni, kwa hivyo akiteuliwa msimkataze kucheza kichochoroni eti sasa yeye ni mchezaji wa akademi. Ule mpira wa mtaani ndio uliomfikisha hapo.

Ila kichochoro kina mapungufu yake, na majaribioni ndiko yanakoonekana. Uwanja kamili wa mechi za kimataifa una urefu wa mita 100 hadi 110 na upana wa mita 64 hadi 75. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, wakati yeye amezoea mawe mawili. Mtaani hakuna kuotea. Mtaani mpira wa juu ni hasara, kwa maana huishia kwenye paa la mtu. Matokeo yake, kijana hodari kabisa akifika uwanja mkubwa hugeuka mgeni: anaukimbilia mpira kila ulipo, anachoka baada ya dakika kumi, hajui asimame wapi wakati mpira uko upande wa pili, na mpira wa kichwa anaufumbia macho. Kocha asiyemjua huandika kwamba mtoto hana akili ya mchezo, kumbe hajapewa nafasi ya kuupata mchezo wenyewe.

Dawa yake ni kumtoa kichochoroni mara mbili au tatu kwa juma, miezi kadhaa kabla ya majaribio, kwenda penye uwazi: Tononoka, Serani, au kiwanja chochote cha shule ambacho mwalimu mkuu ataruhusu. Nendeni mapema Jumapili kabla ya jua kukaza. Hamhitaji kocha kwa hili. Baba, kaka au binamu anatosha. Mpigieni pasi ndefu na za juu mpaka azoee kuzituliza kwa kifua na paja. Mfanyeni autumie mguu wa kushoto hata kama pasi zinakwenda vibaya. Na zoezi ninaloliona kubwa kuliko yote: kabla mpira haujamfikia, ageuze shingo aangalie nyuma yake kuna nani. Simama nyuma yake na uinue vidole. Kabla hajaugusa mpira akutajie ni vingapi. Mtoto mwenye tabia hii kocha humwona mara moja, hata kama leo hakufunga goli.

Wakati gani apande? Hapa natofautiana na wenzangu wengi. Sioni haraka yoyote kabla ya miaka 12. Nchi zenye mpira mkubwa zenyewe haziwaharakishi watoto. Huko Uingereza watoto wadogo huanza na timu za watu wachache, kisha saba kwa saba, kisha tisa kwa tisa, na ndipo wafike kumi na mmoja. Mpira wenyewe hubadilika: saizi 4 kwa watoto, saizi 5 kuanzia miaka 13 hivi. Akademi inayomweka mtoto wa miaka tisa kwenye uwanja mzima, watu 11 kwa 11, awe anagusa mpira mara chache kwa mechi nzima huku akikimbia kama mtumwa wa shamba, haimfundishi kitu. Huyo mwacheni mtaani na timu ya shule, anapata zaidi.

Sasa tuje kwenye jambo linalozivunja familia nyingi za hapa, nalo ni saa. Mtoto wa Mji wa Kale hatoki shuleni akawa huru. Ana chuo cha Kurani. Kati ya Alasiri na Magharibi mna kama saa tatu hivi tu, na saa hizo hizo ndizo maalim anazozitaka na kocha anazozitaka. Jumamosi na Jumapili asubuhi vilevile. Nimeona wazazi wakilitatua hili kwa ugomvi: ama mtoto anaachishwa mpira, ama anaanza kutoroka chuo na kumdanganya maalim, jambo ambalo ni baya zaidi. Kalitatueni mapema, kwa mazungumzo. Mwendeeni maalim kabla ya msimu kuanza, si baada ya mtoto kukosa siku nane. Mwambieni siku za mazoezi ni zipi, ombeni ahamishiwe darasa la baada ya Magharibi au la alfajiri siku mbili za juma. Walimu wengi wa chuo, wakiendewa kwa adabu, hukubali. Kisha mwendeeni kocha na ratiba ile ile. Kocha akisema hajali chuo wala shule, mshukuruni na mwondoke. Mtu asiyejali masomo ya mtoto leo hatamjali mtoto mwenyewe siku atakapovunjika mguu.

Na shule si ya kubahatisha. Mwaka 2022 FIFA iliifungia Kenya tangu Februari hadi Novemba, na hapana mchezaji hata mmoja aliyekuwa na kosa. Aliyekuwa ameacha masomo kwa kutegemea timu ya taifa alibaki akitazama dari. Tazameni pia njia ya mshambuliaji wetu Michael Olunga. Alisoma shule ya Upper Hill, akachukua uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akicheza ligi, na hakwenda Ulaya mpaka 2016, alipojiunga na Djurgården ya Sweden akiwa mtu mzima. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Masomo hayakumcheleweshea kitu.

Mkishapata saa, ndipo mchague timu. Nitasema waziwazi: timu ndogo inayomchezesha ni bora kuliko timu kubwa inayomvisha jezi. Mbwana Samatta hakurukia Ulaya. Alianzia Mbagala, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, akaenda Simba, mwaka 2011 akahamia TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk mwaka 2016, na ndipo Januari 2020 akafika Aston Villa, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Katika kila kituo alicheza, akafunga, ndipo akapanda. Nasi Mombasa tusijidharau kana kwamba mpira uko Nairobi peke yake. Feisal, klabu ya mji huu huu, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, na wachezaji wake hawakuokotwa mbinguni. Walitoka mitaani kwetu. Na Bandari, yenye makao Mbaraki, ilishinda Ngao ya FKF, shirikisho la soka la Kenya, mwaka 2019 ikacheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Ngazi ya kupandia ipo hapa kisiwani, matatu moja kutoka nyumbani.

Basi mkikutana na kocha, kaeni naye kitako, na msione haya. Muulizeni kikosi cha umri wa mwanao kina watoto wangapi. Kama wamefika 35 na mechi ni moja kwa juma, mnajua wenyewe hesabu. Muulizeni hugawaje dakika: kuna kanuni kwamba kila mtoto anacheza angalau nusu ya mechi, au wale 11 ni wale wale? Muulizeni mechi ngapi za ushindani kwa mwaka, na zinachezwa wapi, kwa maana safari za kwenda Changamwe au ng'ambo ya Likoni kila Jumamosi zina nauli na zina uchovu. Ana leseni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, hata ile ya D ya kufundisha watoto? Ada ni kiasi gani, inalipia nini, na mtoto akiumia nani anagharamia? Na hili msilisahau kwa kuona aibu: timu ikisafiri na kulala nje, watoto wanalala wapi, na mtu mzima gani yuko nao? Mtu mzima mmoja kulala chumba kimoja na mtoto asiye wake, au kumwita mtoto peke yake faragha, ni mambo ya kukataa hapo hapo, awe ni nani. Kocha mwema huyapenda maswali haya. Kisha nendeni mkatazame mechi mbili za timu hiyo bila kutangaza kwamba mmefika, na muwatazame zaidi watoto walio benchi kuliko walio uwanjani. Je, wanaingizwa? Wakikosea wanaelekezwa au wanatukanwa?

Kuhusu siku ya majaribio yenyewe sina mengi. Alale mapema, ale kitu chepesi saa mbili au tatu kabla, achukue chupa ya maji, hasa wakati wa kaskazi ambapo joto la asubuhi tu linamaliza mtu. Njumu zisiwe mpya za siku hiyo. Zile za mitumba za Kongowea alizozoea ni bora kuliko mpya zinazomtoa malengelenge. Vikinga ugoko ni lazima. Aseme nafasi anayoicheza kweli, si ile anayodhani ndiyo ya sifa. Baba abaki mbali na mstari, na asimwelekeze kwa kelele. Mtoto hawezi kuwasikia watu wawili kwa pamoja.

Kwenye karatasi, simameni imara. Cheti cha kuzaliwa kishughulikieni sasa, maana kukisaka juma la usajili ni mateso. Kama hakipo au kina makosa ya jina, anzieni Huduma Centre pale Posta, barabara ya Digo. Kisha msikubali kamwe kupunguza umri wa mtoto. Najua inafanyika na najua wanaoishauri. Tangu 2009 FIFA hupima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI katika mashindano ya dunia ya wavulana chini ya miaka 17, na CAF nayo hutumia kipimo hicho. Mtoto anayedanganya umri anajenga jina lake juu ya uongo ambao siku moja utasomwa kwenye mfupa wake. Tena anaziba nafasi ya mdogo wake.

Kabla ya kutia saini fomu ya usajili, isomeni yote na mbaki na nakala. Mchezaji akishasajiliwa na klabu, kuhama kunahitaji kibali, na ziko klabu zinazomshika mtoto mpaka mzazi atoe fedha. Ulizeni mwanzo kabisa: tukitaka kuondoka mwisho wa msimu, mtatuachilia bila malipo? Jibu liandikwe. Na nyinyi mnaoendesha timu za mtaa, ziandikisheni timu zenu kwa shirikisho na mtunze daftari la wachezaji, nani alijiunga lini na aliondoka lini. Chini ya kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Timu isiyosajiliwa na isiyo na kumbukumbu haipati hata senti, japo ndiyo iliyomnunulia mtoto mpira wake wa kwanza.

Halafu kuna wanaokuja na habari za Ghuba. Kwa kuwa nusu ya Mji wa Kale ina jamaa Oman, Dubai au Qatar, habari hizi hupokewa haraka mno. Shikeni hili: FIFA imekataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Moja ni wazazi wake kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Ami aliyeko Maskati si mzazi. Na tangu 2023 wakala wa wachezaji lazima awe na leseni ya FIFA, wala hana ruhusa ya kumzungumzisha mtoto bila idhini ya mzazi kwa maandishi. Anayedai ada ya viza na majaribio kwa mtoto wa miaka 15, hata akivaa suti na kuonyesha picha alizopiga na wachezaji, anataka fedha zenu tu.

Mwili nao una haki yake. Kati ya miaka kumi na kumi na tano mifupa hurefuka haraka, na mtoto anayecheza sana hulalamikia maumivu chini tu ya goti au nyuma ya kisigino. Hayo si uvivu, na kumkanda kwa nguvu kisha kumrudisha uwanjani kunazidisha. Apumzike, apelekwe kwa daktari yakizidi majuma mawili. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri siku moja au mbili za mapumziko kila juma, na jumla ya miezi miwili au mitatu kwa mwaka bila mchezo wake mkuu. Kwetu Ramadhani, hata kwa ligi zake, inatupa nafasi ya kupunguza mazoezi bila kutafuta. Anayefunga asilazimishwe mazoezi mazito Alasiri. Dakika 30 nyepesi karibu na Magharibi, au baada ya Tarawehe, zinatosha kumshikilia. Kocha wa pwani anayepanga mazoezi ya mbio saa tisa mchana mwezi wa Ramadhani hajui anawafundisha nani.

Na mabinti? Kuze kuna wasichana wanaopiga mpira vizuri kwenye viwanja vya shule, kisha wakifika miaka 13 wanatoweka, kwa kuwa wazazi wanaona hakuna njia. Njia ipo. Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwalea wasichana kwa soka tangu 2001. Mwaka 2024 timu ya wasichana chini ya miaka 17 ya Kenya ilikwenda Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya nchi hii kufika Kombe la Dunia la FIFA, na ikaifunga Mexico 2-1. Wanaume hawajawahi. Kuhusu mavazi, hijabu imeruhusiwa rasmi uwanjani tangu 2014, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la wanawake akiwa ameivaa. Maswali ya kumuuliza kocha ni yale yale, na lile la safari na malazi liulizeni mara mbili.

Imebaki siku ambayo jina la mwanao halitasomwa. Wengi watafika siku hiyo. Kabla ya kumhukumu, tazameni mwezi aliozaliwa. Umri wa timu za vijana huhesabiwa kwa mwaka, kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba hushindania nafasi moja wakati mmoja anamzidi mwenzake karibu mwaka mzima wa kukua. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha jambo moja: vikosi vya vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo, kwa sababu ni warefu na wana nguvu siku hiyo. Mtoto wa Novemba aliyekatwa akiwa na miaka 12 huenda ndiye hodari zaidi akifika 17, kama hakuacha. Siku mbili tatu zikipita, mrudieni kocha pamoja na mtoto, mtoto mwenyewe amuulize kwa heshima anakosa nini, aandike majibu. Arudi kichochoroni, acheze timu ya shule, mashindano ya shule yana nafasi hadi mwisho wa sekondari. Akifika miaka 16 tafuteni mashindano ya wazi, ya namna ya Chapa Dimba iliyowachukua vijana wa miaka 16 hadi 20 na ikawa na raundi ya Pwani. Majaribio mengine yakija, mpelekeni tena, akiwa na cheti chake mkononi na njumu zinazomtosha.